Dawa za kizunguzungu zikilinganishwa: unanyamazisha kipokezi kipi, na kwa siku ngapi?

Shika simu mbele ya uso, umbali wa mkono mmoja, usome mstari huu huku ukitikisa kichwa kushoto na kulia haraka haraka. Utausoma bila shida. Sasa tuliza kichwa, uitikise simu kwa kasi ileile. Herufi zinavurugika, husomi kitu. Tofauti ya majaribio hayo mawili ndiyo kazi ya viungo vya mizani vilivyomo ndani ya sikio. Kichwa kinapogeuka, taarifa hutoka sikioni, hupita kwenye shina la ubongo na kuifikia misuli ya macho kwa muda usiozidi milisekunde 10 hivi, na macho hugeuzwa upande wa pili ili picha isimame palepale.

Mtu aliyepatwa na kizunguzungu cha kweli, kile cha chumba kizima kuzunguka, mfumo huo umemvurugikia. Akienda kutafuta dawa atakuta vidonge vya majina mengi, vyote vimeandikwa "kwa kizunguzungu na kichefuchefu", kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kila kundi hushika kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali, na ukikijua kipokezi utajua pia kwa nini dawa fulani inamfaa msafiri wa meli na haimfai mzee anayeona kizunguzungu kila anapojigeuza kitandani.

Kwanza, vipokezi vya sikio lenyewe

Kila sikio lina viungo 5 vya mizani: mifereji nusuduara 3 inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko 2, utrikali na sakuli, vinavyohisi mwendo wa moja kwa moja na mvuto wa dunia. Ndani yake mna seli zenye vinyweleo. Vinyweleo vikiinamia upande mmoja, milango midogo hufunguka, potasiamu na kalsiamu huingia, na kwenye kitako cha seli hutolewa glutamati, kemikali ya kupeleka ujumbe. Ng'ambo ya mwanya mwembamba, kwenye ncha ya neva, glutamati hupokewa na vipokezi vya aina ya AMPA, na kwa kiasi fulani NMDA. Neva inasisimka, ujumbe unaondoka.

Kuna jambo hapa ambalo kila nikilisoma hunishangaza upya. Seli hizi ni za aina mbili. Za aina ya pili huguswa na vincha vidogo vya neva, kama seli nyingine nyingi za mwili. Za aina ya kwanza zimezamishwa ndani ya neva yenyewe, kama yai lililokaa kwenye kikombe chake. Nafasi iliyobaki kati ya yai na kikombe ni finyu mno, kiasi kwamba potasiamu inayotoka kwenye seli hujaa humo na kuisisimua neva bila kusubiri kemikali wala kipokezi. Glutamati ipo pia, lakini njia hii ya potasiamu haina foleni, na huenda ndiyo inayochangia kasi ile uliyoiona kwenye jaribio la simu.

Ubongo nao una nyuzi zinazorudi sikioni, na hizo hutumia kemikali nyingine ya ujumbe, asetilikolini. Kwenye seli zenye vinyweleo asetilikolini hupokewa na kipokezi kilichoundwa kwa sehemu mbili, alfa-9 na alfa-10. Mwanasayansi wa Argentina, Ana Belén Elgoyhen, na wenzake waliitambua alfa-9 mwaka 1994, kisha alfa-10 mwaka 2001. Kipokezi hiki ni cha ukoo unaoitwa wa nikotini, lakini nikotini yenyewe hukifunga badala ya kukifungua. Kikifunguliwa na asetilikolini, kalsiamu kidogo huingia, hiyo huamsha mlango wa potasiamu uliopo jirani, na seli inapoa. Pembeni kidogo tu, kwenye neva inayopeleka ujumbe, asetilikolini ileile hugusa vipokezi vyake vya ukoo mwingine, vya muskarini, na kuifanya neva ichangamke polepole. Kemikali ni moja, umbali ni chini ya unene wa unywele, matokeo yanapingana.

Nimeanza na haya kwa sababu karibu dawa zote utakazouziwa hazifanyi kazi yake kuu kwenye vipokezi hivyo. Huwezi kumpa mtu kidonge cha kuzima AMPA ili kutuliza sikio, maana ubongo mzima unazungumza kwa glutamati. Kwa alfa-9 na alfa-10 hakuna kidonge cha kizunguzungu kinachotumika hospitalini. Zinazoitwa dawa za sikio kwa sehemu kubwa ni dawa za ubongo: hufanya kazi kwenye vituo vya mizani vilivyo katika shina la ubongo, mahali ambapo ujumbe wa masikio mawili hukutana na ule wa macho na wa shingo, na ambapo kemikali za ujumbe kama histamini, asetilikolini na GABA zote zina sauti. Ndiyo maana nyingi huleta usingizi.

Kabla ya kulinganisha dawa: je, unahitaji dawa?

Swali hili hurukwa, na kuliruka ndiko kunakowatesa watu wengi zaidi. Kizunguzungu kinachowapata watu mara nyingi kuliko vingine vyote vya sikio hakina uhusiano na kipokezi chochote. Kwenye utrikali kuna punje ndogo za chokaa zilizokaa juu ya utando laini. Punje zikibanduka na kuingia kwenye mfereji, kila unapolala, unapojigeuza kitandani au unapoinua uso kutazama rafu ya juu, hubingirika na kuvuta maji ya mfereji. Dunia inazunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha inatulia. Ukigeuka tena, inarudi.

Hiki hupimwa kwa kumlaza mgonjwa haraka, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuning'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda, huku daktari akiyatazama macho yake. Margaret Dix na Charles Hallpike walikieleza kipimo hiki mwaka 1952. Tiba yake ni mfululizo wa kumgeuza mgonjwa hatua kwa hatua mpaka punje zirudi kwenye utrikali, namna aliyoichapisha John Epley mwaka 1992. Kazi yote huchukua dakika chache, na wengi hupona kwa mara moja au mbili. Kidonge hakirudishi punje mahali pake, kiwe cha histamini au cha GABA. Tena ukikimeza kabla ya kipimo, mchezo wa macho ambao daktari anautafuta unaweza kufifia, akakosa kuujua mfereji wenye shida.

Upande wa pili kuna kizunguzungu kisichofaa kusubiri ulinganisho wowote. Kikianza ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso au mkono wa upande mmoja kulegea, kichwa kuuma kuliko siku zote, au miguu kukataa kabisa kusimama, hiyo inaweza kuwa ni damu iliyokosekana ubongoni. Ni hospitali, saa hiyohiyo.

Kwa safari: haiosini au dawa za histamini?

Hapa ndipo ulinganisho una maana kamili, kwa kuwa kichefuchefu cha safari kinatoka kwenye mgongano wa sikio na macho, na dawa zote mbili zina ushahidi mzuri.

Haiosini, ambayo pia huitwa skopolamini, hufunga vipokezi vya muskarini. Asetilikolini haipati pa kushika kwenye vituo vya mizani, na ujumbe wa mgongano haufiki kwenye kituo cha kutapika kwa nguvu yake yote. Ipo ya vidonge, na ipo plasta inayobandikwa nyuma ya sikio na kupenyeza dawa kidogo kidogo kwa siku 3. Plasta hubandikwa saa 4 au zaidi kabla ya kuondoka. Kwa safari ndefu ya majini sijui dawa inayoizidi.

Lakini vipokezi vya muskarini vimetapakaa mwili mzima. Kinywa kinakauka, macho hayaoni karibu vizuri, mkojo unakuwa mzito kutoka, jasho linapungua hata joto la mwili likaweza kupanda, hasa kwa watoto na wazee. Mwenye shinikizo la macho (glakoma) la pembe iliyojifunga asiiguse. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kujikuta hawezi kukojoa kabisa. Mzee anaweza kuchanganyikiwa hata asijue yuko wapi. Na kuna kosa dogo lenye kutisha: ukiibandika plasta, ukapikicha jicho kabla ya kunawa, mboni ya jicho hilo moja hupanuka na kubaki wazi kwa saa nyingi, hata siku. Ukijitazama kwenye kioo utadhani umepata kiharusi. Nawa mikono, kila mara, ukibandika na ukibandua.

Jingine ninaloliomba msomaji alishike: haiosini haidirobromidi ndiyo ya safari. Haiosini butilibromidi ni ya maumivu ya tumbo yanayosokota, nayo haipenyi kuingia ubongoni. Majina yanafanana kama pacha, na anayenunua ya pili kwa ajili ya safari atapata kinywa kikavu na kichefuchefu palepale.

Dawa za histamini hufunga kipokezi cha histamini kinachoitwa H1. Uwezo wake huu uligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, madaktari Leslie Gay na Paul Carliner walikuwa wanajaribu dawa mpya ya mzio, dimenhidrineti. Mama mmoja aliyetibiwa upele aliwaambia kwamba tangu aanze dawa ile, hachafukwi tena moyo ndani ya tramu. Mwaka uliofuata waliijaribu kwenye meli ya kijeshi General Ballou iliyokuwa ikitoka New York kwenda Bremerhaven, ikiwa na askari zaidi ya 1,300 katikati ya mawimbi ya Atlantiki, na ikafanya kazi.

Dimenhidrineti, daifenihidramini, saiklizini, meklizini na prometazini zote ni za kundi hili. Kinachozitofautisha ni muda na usingizi. Dimenhidrineti hudumu saa 4 hadi 6. Meklizini inaweza kumfikisha mtu siku nzima kwa dozi moja. Prometazini ni nzito zaidi kwa usingizi, na haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua. Karibu zote hugusa pia vipokezi vya muskarini, kwa hiyo zile tahadhari za macho na mkojo hazijaondoka, zimepungua tu.

Dawa mpya za mzio, kama loratadini, setirizini na feksofenadini, zilitengenezwa makusudi zisiingie sana ubongoni ili zisilete usingizi. Kwa mafua ya mzio hilo ni jema. Kwa safari, dawa isiyofika kwenye shina la ubongo haina la kufanya. Ondansetroni nayo, inayosifiwa kwa kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani, hufunga kipokezi kingine cha serotonini na haisaidii kichefuchefu cha safari.

Kwa uamuzi wangu: safari ya saa chache, chukua ya histamini, saa moja kabla, na usiendeshe chombo chochote. Safari ya siku 2 au 3 baharini, kwa mtu mzima asiye na shida ya macho wala mkojo, plasta ya haiosini. Mzee au mtoto, muulize mfamasia kwanza, na kwa vyovyote usichanganye mbili hizi. Yoyote utakayochagua, itumie mapema. Kichefuchefu kikishaanza, tumbo huacha kusukuma vilivyomo, na kidonge hukaa humo bila kufika kwenye damu.

Kwa dhoruba ya siku za mwanzo: histamini au GABA?

Neva ya mizani ya upande mmoja ikivimba, mtu huamka asubuhi dunia yote inazunguka bila kukoma, anatapika, hawezi kuinua kichwa. Ili kuelewa yaliyompata, kumbuka kwamba neva hizi hazinyamazi hata ukiwa umetulia. Kwa tumbili waliopimwa, kila uzi hupiga mapigo 90 hivi kwa sekunde wakati wa utulivu. Ukigeuka kulia, upande wa kulia huongeza na wa kushoto hupunguza, na ubongo husoma tofauti. Upande mmoja ukizimika ghafla, tofauti inakuwa kubwa mno, na ubongo unaisoma kwa njia pekee unayoijua: mwili unazunguka, tena kwa kasi.

Diazepamu na ndugu zake hukipa nguvu kipokezi cha GABA-A, kile kinachopoza seli za ubongo. Vituo vya mizani vya pande zote mbili hutulia, na tofauti ile haisikiki kwa ukali. Inafanya kazi, na mgonjwa hulala. Dawa za histamini hufanya karibu vivyo hivyo kwa njia nyingine na kwa hatari ndogo zaidi: diazepamu huzoeleka, humwangusha mzee usiku anapokwenda msalani, na ikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu inaweza kusimamisha pumzi. Ningeanza na ya histamini, na diazepamu ningeiacha iwe uamuzi wa daktari aliyemwona mgonjwa.

Ila katika sehemu hii siku zina uzito kuliko jina la dawa. Ubongo hujirekebisha wenyewe baada ya sikio moja kuzimika: hupunguza breki ambazo upande mzima unauwekea upande uliopoteza sauti, na baada ya wiki kadhaa pande mbili hukaribiana tena. Breki hizo kwa sehemu kubwa ni GABA. Na ili ubongo ujirekebishe, lazima uuone mgongano, kichwa kikisogea na picha ikiteleza. Dawa inayoficha mgongano inaunyima ubongo nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo siku 3 zinatosha kwa kawaida. Mtu aliyeanza kidonge akiwa hoi, akaendelea nacho miezi sita kwa sababu bado anayumba, huenda anayumba kwa sababu ya hicho kidonge.

Kwa kizunguzungu kinachorudi rudi: betahistini au sinarizini?

Betahistini ni binamu wa histamini. Huichochea H1 kidogo, na huifunga H3, kipokezi ambacho kazi yake ni kupunguza histamini inayotolewa. Ukikifunga, histamini inaongezeka. Ona basi kichekesho cha mtu kumeza betahistini asubuhi na daifenihidramini usiku: mmoja anajenga, mwingine anabomoa. Hutumika zaidi kwa ugonjwa wa Ménière, wenye mashambulizi ya kizunguzungu cha saa kadhaa pamoja na sikio kujaa, kuvuma na kupoteza usikivu. Haileti usingizi sana, na hilo limeipendeza kwa wengi. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aitumie kwa uangalifu. Mwenye uvimbe wa tezi ya adrenali uitwao feokromositoma asiitumie.

Je, inasaidia? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 221 wa Ménière waliofuatiliwa miezi 9. Baadhi walipewa miligramu 24 mara mbili kwa siku, baadhi miligramu 48 mara tatu, na baadhi kidonge kisicho na dawa. Mashambulizi yalipungua katika makundi yote matatu, bila tofauti kati yao. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na watu huanza dawa pale ulipopanda. Sisemi mtu anayejisikia nafuu aitupe. Nasema aanze akiwa ameweka muda, miezi 3 kwa mfano, na daftari la kuandika kila shambulizi, ili uamuzi wa kuendelea au kuacha uwe na kitu cha kusimamia.

Sinarizini hufunga milango ya kalsiamu na pia H1. Hutuliza vizuri, na kwa siku chache haina neno. Shida ni kwamba pia hufunga vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo. Mtu wa makamo akiimeza mwezi baada ya mwezi anaweza kuanza kutetemeka mkono, kuburuta miguu na uso kukosa tabasamu, akaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mara nyingi dalili hupungua dawa ikisimamishwa, kwa taratibu na kwa miezi. Mzazi wako akianza kutetemeka, kabla ya lolote fungua mfuko wake wa dawa. Tahadhari hiyohiyo ihusu proklorperazini na metoklopramidi, zinazofunga dopamini waziwazi ili kuzuia kutapika. Kati ya betahistini na sinarizini kwa matumizi ya muda mrefu, ningemwachia mgonjwa betahistini, kwa kuwa hata isipomsaidia haimharibii mwendo.

Kitu kimoja cha kuweka kando ya dawa yoyote

Lile jaribio la mwanzo, la kusoma huku ukitikisa kichwa, ni mazoezi ya tiba pia. Kutapika kukishakoma, andika herufi moja kubwa kwenye karatasi, ibandike ukutani usawa wa macho, ukae mita moja mbele yake. Ikazie macho, ugeuze kichwa kidogo kushoto na kulia, kwa kasi ambayo herufi ndiyo kwanza inataka kuanza kuteleza. Dakika moja, kisha pumzika. Rudia kwa kichwa kwenda juu na chini. Fanya mara 3 kwa siku, na ukiweza bila taabu ukiwa umekaa, simama, mtu akiwa karibu nawe. Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi kinaruhusiwa. Kikiendelea zaidi ya dakika chache baada ya kumaliza, kesho punguza kasi.